Wagonjwa wa Kapu la Bluu

Ukiingia katika tawi lolote la Hard Off nchini Japani, usikae sana mbele. Mbele ni pa magitaa yaliyong'arishwa, kamera na spika zenye bei za kumfanya mtu airudishe pochi mfukoni. Pita moja kwa moja hadi nyuma, yaliko makapu ya plastiki ya bluu. Tawi nililopelekwa mimi liko pembezoni mwa Tokyo, kando ya barabara ya maduka ya matairi, na makapu yake yalipangwa chini ya rafu za printa. Humo mna rimoti zilizopoteza runinga zake, adapta zilizofungwa pamoja kwa mpira, nyaya zilizosokotana, na katikati ya vurugu hiyo mashine za gemu za miaka ya 1980 na 1990 zimelala chali, kila moja na kikaratasi cha "janku". Kikaratasi hicho ni mkataba. Duka linakiri kwamba halijaipima bidhaa, halitoi dhamana, na ukishalipa hairudi.

Nikaokota Famicom moja. Nyeupe yake ilikuwa imegeuka njano, na waya wa kidhibiti cha pili ulikuwa umechubuka hadi shaba inaonekana.

"Kaka, hizi si maiti tupu?" nikamuuliza mwenyeji wangu.

"Wameandika hawajaipima," akajibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye kapu lake. "Hawajaandika imekufa. Soma vizuri, mdogo wangu."

Kaka huyu ni mtu wa Tanga aliyekwenda Japani angali kijana, akaoa huko, akakaa. Siku za kazi hununua magari yaliyotumika kwenye minada na kuyapakia melini kuja Dar es Salaam na Mombasa. Jumamosi hufufua mashine za gemu. Mimi nilikuwa nimekwenda Tokyo kwa semina isiyohusiana na lolote kati ya hayo. Semina ilipokwisha nikaomba ruhusa ya kubaki kidogo, nikawa namfuata anakokwenda.

Kwa wasioijua, Famicom ilitoka Kyoto, kwa kampuni ya Nintendo, tarehe 15 Julai 1983. Aliyeongoza kuibuni ni mhandisi Masayuki Uemura, ambaye alikuwa amehamia Nintendo kutoka Sharp. Wengi wetu Afrika Mashariki hatukuwahi kuigusa yenyewe. Tuligusa nakala zake, za Taiwan na baadaye za China, zilizouzwa madukani kwetu kwa majina ya kila namna pamoja na kaseti ya njano iliyoandikwa kwamba ina michezo 9,999,999. Ukiipekua orodha, muda si mrefu unamkuta Mario yule yule, ila sasa anaanzia hatua nyingine. Hata hivyo nafasi ya kaseti ilikuwa ile ile ya pini 60. Kaseti nyingi za kwetu zingecheza kwenye mashine ya Kaka, na zake kwenye zetu. Ndiyo maana nilipoishika ile ya kapuni vidole vilikwenda vyenyewe kwenye swichi ya kuwashia, upande wa kushoto, kabla sijafikiri.

Tukalipia mashine chache na mfuko wa kaseti, tukaondoka.

Kesho yake tukashuka Akihabara, mtaa wa Tokyo wa vifaa vya umeme. Wageni wengi wakitoka kituoni kwa mlango wa Mji wa Umeme huelekea duka la Super Potato, nami nilikwenda, maana hufiki Zanzibar ukaacha kula urojo. Duka liko ghorofani, unapanda kwa ngazi, na muziki wa gemu za zamani unakufuata kila kona. Kaseti zimepangwa kwa maelfu, nyingine zimo ndani ya kabati za kioo, na juu kabisa kuna mashine za kuchezea kwa sarafu. Bei zake zimepangiwa mtu aliyetua na sanduku tupu. Niliona pale Famicom za mwanzo kabisa, zile ambazo vitufe vya kidhibiti ni vya mraba na vya mpira. Vitufe hivyo vilichakaa na kukwama, kampuni ikavibadilisha ikaweka vya mviringo vya plastiki. Leo ule ubovu ndio unaopandisha bei. Kaka alisimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Humu wanauza zilizopona," alisema. "Twende wanakouza dawa."

Dawa inauzwa chini ya reli. Pale kituoni, treni za mstari wa Sobu zikinguruma juu ya vichwa, kuna jengo linaloitwa Radio Center, na ndani yake vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu. Kila kibanda kina bidhaa yake moja tu. Huyu anauza swichi, yule transfoma, yule mwingine plagi na soketi za kila umbo aliloliumba binadamu, na mzee mmoja amezungukwa na taa za redio za zamani amefungua gazeti. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia eneo hili lilijaa wauza vipuri vya redio waliotandaza bidhaa barabarani. Mwaka 1949 watawala wa Kimarekani walitoa amri ya kuondoa vibanda njiani, na wauzaji wakahamia chini ya reli. Watu wa Kariakoo hawahitaji kufafanuliwa hadithi hiyo. Tofauti ni kwamba hawa hawakuhamishwa tena.

Kwenye duka la Akizuki, mtaa wa nyuma, tulinunua kapasita, transista, rezista, rigyuleta za 7805 na betri bapa za CR2032 zenye masikio ya kulehemu. Mhudumu alizihesabu kwenye trei, akafunga kila aina kwenye kifuko chake. Kaka alichukua pia chupa ya alkoholi ya kusafishia na pakiti kubwa ya pamba za vijiti. Nilidhani kazidisha vijiti. Usiku ule nikaelewa.

Nyumbani, shemeji alitandika magazeti mezani na mengine sakafuni. Tone moja la risasi ya moto likidondoka kwenye mkeka wa tatami, kesi yake haina wakili. Kisha akatuachia sebule.

Fundi wa gemu hushuku kwa kufuata bei. Huanza na visivyo na gharama, yaani adapta, swichi na waya. Halafu hushuku mguso, kila mahali ambapo chuma hukutana na chuma. Chipu huja mwisho kabisa, kwa sababu ile inayoendesha mchezo na ile inayochora picha zilitengenezwa na kampuni ya Ricoh kwa ajili ya mashine hii, hazitengenezwi tena, na chanzo chake cha uhakika ni Famicom nyingine iliyokufa kwa ugonjwa tofauti. Anayeanza na chipu kwa kawaida huharibu bodi iliyokuwa nzima.

Adapta kwanza, basi. Famicom hula umeme wa DC wa volti 10, miliampea 850, na ncha ya katikati ya plagi ni hasi, si chanya kama tulivyozoea kwenye vifaa vingi. Ndugu yake wa Marekani, NES, alikuja na adapta inayotoa AC ya volti 9. NES ina kigeuzi cha AC kuwa DC ndani yake, Famicom haina. Plagi zinaingiliana, na mtu akisoma volti tu bila kusoma aina ya umeme, anaichoma mashine ambayo ilikuwa haina hata homa. Kaka huiweka adapta kwenye mita kabla ya kuigusisha na chochote, hata kama aliitumia juzi.

Mashine ya kwanza haikuwaka. Chini ina skrubu za kawaida za nyota. Ukizitoa, kifuniko cha juu kinanyanyuka na unaiona bodi yote. Rigyuleta ya 7805 ina miguu mitatu: kuingia, ardhi, kutoka. Mguu wa kutoka ulipaswa kuonyesha volti 5. Mita ilionyesha sifuri. Nikaifikia pasi ya kulehemu.

"Tulia. Mguu wa kuingia una ngapi?"

Nao ulikuwa sifuri. Rigyuleta haikuwa na kosa lolote; umeme ulikuwa hauifikii. Swichi ya kuwashia ilikuwa imefanya kutu ndani. Kaka alidondoshea dawa ya kusafishia mguso, akaisukuma mbele na nyuma kwa dakika nzima huku akiangalia runinga, akapima tena: tano kamili. Hiyo ndiyo mashine iliyotupwa kapuni.

Picha nayo ina mambo yake. Famicom ya mwaka 1983 hutoa picha kwa waya wa antena peke yake, kwenye chaneli ya 1 au ya 2 ya Kijapani. Kaka bado anayo TV ya chogo, ndogo, ya kupokelea hizo. Lakini Japani ilizima matangazo ya analojia kuanzia mwaka 2011, na TV za sasa hazina habari na mawimbi hayo. Nintendo yenyewe ilitoa toleo lenye tundu la AV mwezi Desemba 1993, mashine ikiwa na miaka kumi sokoni. Kwa lile la zamani fundi hujitengenezea. Chipu ya picha hutoa picha ikiwa imekamilika, kwenye pini yake ya 21, na ndani ya mashine picha hiyo hupelekwa sehemu inayoigeuza kuwa mawimbi ya antena. Fundi huidaka kabla haijafika huko, akaipitisha kwenye transista moja na rezista na kapasita chache, akaitoa nje kwa waya wa njano. Vipuri vyake vyote vinaenea kwenye kiganja. Picha iliyokuwa na chenga inakaa sawasawa, na rangi ya anga katika Super Mario Bros. inakuwa ile ambayo sisi wa mawimbi ya antena hatukuwahi kuiona.

Kisha zikaja kaseti, na hapo ndipo vijiti vya pamba vilipokwisha.

Kaseti ya Famicom ina ghala mbili ndani yake: chipu moja imebeba programu, nyingine imebeba michoro. Kila moja huzungumza na mashine kwa njia zake, na hilo humsaidia fundi kusoma ugonjwa kwa macho. Kioo kikibaki na rangi moja tupu, mara nyingi programu haisomeki. Muziki ukipiga, mchezo ukaendelea, lakini Mario ni rundo la herufi na vipande vya matofali, basi programu iko salama na hitilafu iko upande wa michoro. Kuna na ugonjwa wa tatu, wa ajabu kidogo: picha safi, sauti hakuna. Sauti ya Famicom hutoka kwenye mashine, ikapita ndani ya kaseti kwa pini mbili, ndipo ikarudi kwenda kwenye runinga. Wabunifu walifanya hivyo ili kaseti iweze kuongeza ala zake juu ya za mashine. Pini hizo mbili zikiwa chafu, mchezo unakuwa bubu. Ningekuwa peke yangu ningeibadilisha mashine nzima.

Dawa ya yote matatu, kwa kaseti nyingi usiku ule, ilikuwa moja. Unachovya pamba kwenye alkoholi, unasugua pini kuelekea nje, si kwenda na kurudi, unaangalia pamba ilivyogeuka nyeusi, unachukua nyingine. Sugu la zamani linahitaji ufutio laini wa penseli kwanza, na ufutio nao unasafishwa kwa alkoholi usiache unga. Kaseti nyingi za Famicom hazina skrubu. Zimebanwa kwa meno ya plastiki, na anayezikwangua kwa bisibisi anaziacha na makovu. Kaka hutumia kipande chembamba cha kadi ya benki iliyokwisha muda.

Na kupuliza je? Kila mtoto wa miaka ile alipuliza, Tanga kama Tokyo. Kilichofanya kaseti ikubali hakikuwa pumzi, bali kuitoa na kuirudisha: pini zilisuguana upya na kupata mguso mpya. Pumzi iliongeza unyevu tu, na unyevu ukaota kutu taratibu. Nintendo wenyewe walikuja kuonya watu waache. Kaseti mojawapo ya mfukoni mwetu ilikuwa na madoa ya kijani juu ya pini, ushahidi wa mapafu ya mtoto fulani wa wakati huo.

Mtoto mwenyewe tulikuwa na jina lake. Watoto wengi wa Kijapani waliandika majina nyuma ya kaseti kwa kalamu ya wino mzito, na mmoja wa mfukoni aliandika la kwake juu ya Dragon Quest III. Mchezo huo wa Februari 1988 ulikuwa wa kwanza katika mfululizo wake kuhifadhi safari ya mchezaji kwa betri. Michezo miwili iliyotangulia ilikulazimu kunakili nywila ndefu kwenye karatasi. Kaka aliufungua. Betri ya volti 3 ilipimwa ikawa haina kitu, na mashujaa wote wa mtoto yule walikuwa wamekwenda nayo. Kuibadilisha si kazi kubwa, ila ina adabu yake. Betri mpya lazima iwe na masikio ya bati yaliyochomelewa kiwandani, kwa sababu ukiigusa betri yenyewe na pasi ya moto inaweza kupasuka usoni mwako. Betri ikakaa, kaseti ikafungwa. Jina hatukulifuta. Kuna wanaolifuta kwa asetoni ili wauze ghali zaidi. Mimi naona ni ushenzi.

Mashine moja haikupona. Umeme upo, swichi safi, kila kaseti inatoa kioo kile kile cha kijivu. Kaka alibadilisha chipu ya kumbukumbu, ambayo ni ya kawaida na bado inapatikana, haikusaidia. Akaifunga, akaandika tarehe juu yake, akaiweka kwenye sanduku la spea. Vidhibiti vyake vilikwenda kwa ile yenye waya uliochubuka.

Tulipanda treni kwenda Osaka kwa ajili ya mtu mmoja. Katika mtaa wa Nipponbashi, ambao wenyeji huuita Den Den Town, kuna mzee aliyestaafu ufundi wa runinga na sasa hushughulika na kifaa ambacho Kaka hakithubutu: Disk System. Kilitoka tarehe 21 Februari 1986, kikakaa chini ya Famicom na kusoma diski badala ya kaseti. Ukimaliza mchezo ulikwenda dukani, mashine ikakuandikia mwingine juu ya diski ile ile kwa yeni 500. Huduma hiyo ilidumu, kwa njia moja au nyingine, hadi mwaka 2003. Kilichoua vifaa vingi ni mkanda wa mpira unaozungusha diski. Mpira huo hauchoki kwa kulegea peke yake. Huyeyuka ukawa lami. Mzee alitufungulia kimoja, akachovya kijiti, akavuta uzi mweusi wa kunata kama urefu wa kidole. Kuusafisha ni saa nzima. Kuweka mkanda mpya ni dakika. Kazi yenyewe huanza baada ya hapo, kwa sababu ukishaugusa mzunguko ule lazima urekebishe upya mahali kichwa kinapoanzia kusoma, kwa vipimo vya kubana pumzi, ujaribu, ufungue, ujaribu tena.

Kaka alinitafsiria swali langu: anajuaje amefika?

Mzee akatega sikio juu ya kifaa, akakiwasha, akanyamaza. Akakizima, akageuza kidogo, akawasha. Safari hii alitabasamu kabla runinga haijaonyesha kitu.

Kabla hatujaaga alinipa bodi ya PC Engine Duo, mashine ya NEC ya mwaka 1991, akaniashiria ninuse. Ilinuka samaki. Kapasita ndogo za kubandikwa juu ya bodi, za enzi hizo, zina maji ndani; gamba likishindwa, maji yanatoka, yanatambaa chini ya bodi na kula njia za shaba. Game Gear ya Sega ya mwaka 1990 ina ugonjwa huo huo, na hazisubiri kuwashwa: zinaoza hata zikiwa kabatini ndani ya maboksi yake. Msomaji mwenye mojawapo aifanye hesabu hiyo.

Siku ya kwenda mji wa Uji ilikuja kwa bahati nasibu, na sisemi kwa mafumbo. Tiketi za Jumba la Makumbusho la Nintendo hugawiwa kwa droo, mtu mzima yeni 3,300, na shemeji ndiye aliyetuombea. Ukishuka kituo cha Ogura, kusini mwa Kyoto, unatembea kidogo katikati ya nyumba za watu, na jengo linakuja lenyewe. Lilijengwa mwaka 1969 kama kiwanda. Nintendo ilianzishwa na Fusajiro Yamauchi mwaka 1889 kutengeneza karata za hanafuda, na karata hizo zilichapwa hapa. Baadaye jengo likawa kituo cha huduma kwa wateja, palipoletwa mashine mbovu kutengenezwa. Yaani hii ndiyo hospitali yenyewe. Kazi ya matengenezo ikahamishiwa jengo jingine, na tarehe 2 Oktoba 2024 hapa pakafunguliwa kama makumbusho.

Ghorofa ya juu ina kila kitu walichowahi kuuza, na kamera haziruhusiwi. Famicom iko pale, nyeupe kama siku iliyotoka kiwandani, na kaseti zake zimejaa ukuta. Chini unacheza: unapewa sarafu kumi ndani ya tiketi, na kuna vidhibiti vikubwa ambavyo watu wawili wanasaidiana kuvisukuma. Watoto walikuwa wanacheka, wazee pia. Pazuri, na sijutii yeni yangu hata moja. Nilichotamani kuona katika jengo lile, la kihistoria kwa sababu hiyo hasa, ni meza ya fundi: pasi, mita, na Famicom moja imefunguliwa tumbo.

Maana kampuni hii ilitengeneza vyake kweli. Famicom za mwanzo, mwaka 1983, zilikuwa zinaganda katikati ya mchezo kwa sababu ya chipu mbovu, na rais wake Hiroshi Yamauchi akaamuru zirudishwe na bodi zibadilishwe, gharama juu ya kampuni. Uzalishaji uliendelea hadi mwaka 2003. Mwezi Oktoba 2007 Nintendo ikafunga mlango wa matengenezo ya Famicom kwa sababu vipuri vimeadimika. Miaka 24 kwa kitu cha kuchezea watoto: nitajieni simu ya leo itakayopata nusu yake.

Hata hivyo njiani walibadilika. Famicom unaifungua kwa bisibisi ya kila nyumba. Super Famicom ya Novemba 1990 ilikuja na skrubu za kichwa cha ajabu, na baada yake Nintendo 64, vipimo vya milimita 3.8 na 4.5, ambazo bisibisi yake haikuwa ya kuuzwa dukani kwa mtu wa kawaida. Mafundi wa mitaani duniani kote waliyeyusha mrija wa kalamu ya Bic, wakausukumia juu ya skrubu, wakasubiri upoe, wakawa na bisibisi. Nakala zetu za Kariakoo zilikuwa na kasoro ya upande wa pili: ganda linafunguka kwa kucha, lakini ndani mashine nzima imewekwa kwenye chipu moja na kumwagiwa bonge la gundi nyeusi. Fundi aliweza kubadilisha waya, swichi, plagi. Lile bonge likifa, ndiyo buriani. Kati ya makumbusho na kapu la bluu, mimi nachagua kapu, kwa sababu kilichomo bado kinaweza kufunguliwa.

Kaka alinipa ile iliyokuwa na swichi ya kutu nirudi nayo Dar es Salaam, ikiwa na tundu la AV, pamoja na Dragon Quest III ya mwenye jina. Nawaandikia sasa wenzangu ambao shangazi au mjomba aliwahi kuwaletea moja kutoka Japani, na iko juu ya kabati haijulikani kama nzima. Adapta yake ni ya volti 100. Ukiichomeka kwenye ukuta wetu wa 230, utasikia harufu kabla hujasikia muziki. Tafuta adapta ya DC ya volti 9 au 10, isiyopungua miliampea 850, ya ncha ya katikati hasi, na fundi aipime kwanza mbele yako. Usihangaike kuitafuta kwa antena: chaneli za 1 na 2 za Japani ziko kwenye megahezi 90 na kitu, ambako kwetu ni redio za FM, kwa hiyo TV yako haitaiona hata ukeshe. Mwambie fundi akutolee AV, na TV nyingi bapa za sasa zitaipokea rangi ya Kijapani bila ubishi. Mnunulie alkoholi na pamba, umkataze kugusa chipu yoyote kabla hajasafisha pini. Na kaseti, tafadhali, msiipulize.